Mizuka Wenu Wapige Hodi Mara Tatu

Msambweni,
Wilaya ya Kwale.
21 Novemba, 1966

Kwa Mheshimiwa Bwana Msimamizi,
Michezo ya Kuigiza ya Redio,
Nairobi.

Bwana Mheshimiwa,

Naomba kwanza ukae kitako, na kama una chai mbele yako uimalize kabla ya kuendelea, kwa sababu haya nitakayokueleza huenda yakakuchekesha, nami nisingependa upaliwe kwa ajili yangu. Hapa Msambweni wamekwisha kucheka wote. Nimebaki mimi tu, na nina matumaini ya kupata mwenzangu huko Nairobi.

Jina langu ni Kibwana Abdalla Tsuma, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Serikali yetu ilipotangaza kwamba maadui wa taifa ni ujinga, maradhi na umaskini, mimi nilikabidhiwa huyo wa kwanza, na tangu hapo nimepambana naye kila alasiri katika banda lililo karibu na soko. Nimewafundisha watu kwamba hakuna pepo anayekaa katika mkwaju, kwamba bundi ni ndege tu kama kuku, na kwamba mtu akiumwa aende hospitali. Nasema haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kuaminiamini mambo. Tafadhali uishike sana sentensi hiyo, kwa sababu huko mbele utakuja kuitilia shaka.

Mimi pia ndiye mwenye redio. Kila Alhamisi, baada ya taarifa ya habari, barazani kwangu hapatoshi, watu wamekuja kusikiliza mchezo wenu uitwao *Mji wa Mwaka Elfu Mbili*. Bila shaka mchezo huo unaujua, lakini kwa kuwa wakubwa hawapati nafasi ya kusikiliza kazi za ofisi zao, nitakueleza kwa ufupi. Kuna mji wa pwani uitwao Mwambakuu. Mwaka ni elfu mbili. Wataalamu wamezamisha mtambo chini ya bahari, unaotoa umeme kwa nguvu ya maji kujaa na kupwa. Kwa bahati mbaya mtambo huo unavuta pia sauti za watu wa kale zilizonasa ndani ya matumbawe. Sauti hizo zinapita kwenye nyaya, zinatokea majumbani, zinavaa sura za watu. Hao ndio mizuka. Wanazunguka mji mzima wakipiga hodi, na atakayewafungulia wanamnyang'anya sauti yake akabaki bubu. Anayepambana nao ni Daktari Mwangaza, mtaalamu aliyesoma ng'ambo, mwenye sauti nzito ya upole ambayo hata mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikiisikia hutamani kuiamkia shikamoo.

Nakiri kwamba mchezo ni mzuri. Ungekuwa mbaya nisingefika hapa nilipofika. Sasa malalamiko yenyewe.

1. Mji mlioutia mizuka ni wetu, na hamkutuuliza. Msijifanye. Mwambakuu kuna hospitali iliyo juu ya jabali inatazama bahari, kuna mikorosho, kuna soko la akina mama wauza samaki wa kukaanga, na kuna mzee anayekohoa kabla ya kila neno. Mwanafunzi wangu Mzee Shutu aliposikia kikohozi hicho alisimama barazani akauliza ni nani aliyemrekodi. Lakini si hilo tu. Katika mji wenu wa mwaka elfu mbili kuna gari la moshi linalopita chini ya bahari mpaka Pemba, na kuna simu inayoonyesha uso wa anayesema, ila wanawake bado wanateka maji kisimani kwa kamba. Watu wangu walilisikia hilo vizuri. Kisha kwenye mkutano wa hadhara wakamuuliza diwani wetu kama ni kweli kwamba mabomba hayatakuja mpaka mwaka elfu mbili upite. Diwani, ambaye hausikilizi mchezo, akaahidi kufuatilia. Jirani yangu Mbodze, mama wa Kiduruma aliyehamia hapa kutoka Mkongani na asiyefungwa mdomo na mtu, akasema palepale, "Haya, hata mizuka wamepata umeme kabla yetu!" Mkutano ukavunjika. Haya nayataja tu, wala sitaki muyajibu. Yanayonichoma mimi ni yafuatayo.

2. Sheria ya hodi moja. Katika sehemu ya tatu ya mchezo, Daktari Mwangaza aliwakusanya watu wa Mwambakuu akawaambia kwamba mzuka ana umeme wa kumtosha kupiga hodi mara moja tu, basi. Mtu wa kweli hupiga hodi mara tatu, kama sote tulivyolelewa. Kwa hiyo anayeita mara moja akanyamaza, asifunguliwe.

Bwana Msimamizi, maneno haya si mageni kwetu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alituambia kwamba ukisikia unaitwa mara moja tu usiitike, huyo si mtu. Kila mmoja huku aliambiwa hivyo na bibi yake. Na mimi nilipopata kazi, hilo ndilo jambo la kwanza nililoanza kulifuta vichwani mwa watu. Niliwaambia, jamani, anayeita mara moja ni mtu aliyechoka. Wakanielewa. Wakaanza kufunguliana milango bila ya wasiwasi. Nyinyi mkalirudisha kwa jioni moja, tena na muziki juu yake!

Hata hivyo nisingelalamika kama mngelitia katika kinywa cha mganga. Ningecheka, nikazima redio, nikalala. Bibi yangu mwenyewe angefufuka akalisema, ningebishana naye kwa adabu. Lakini limesemwa na daktari, mtu wa shahada, na ndani yake ametaja umeme. Mimi, Bwana, nikisikia neno umeme huamini kila kinachofuata. Ndivyo nilivyo. Sikusoma sana, nimesoma kiasi cha kuwaheshimu waliosoma, na kiasi hicho, nimekuja kugundua, ndicho cha hatari.

3. Mke wangu Asiya. Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa, alasiri, jua linawaka, kuku wamelala kivulini, yaani saa ambayo mzuka yeyote mwenye adabu zake asingetoka. Mimi nilikuwa nimejifungia ndani. Mbodze alipouliza kupitia ukutani, nilimwambia natayarisha masomo. Mlango nilikuwa nimeutia komeo, na juu ya komeo nikaegemeza mchi.

Asiya alikuwa amekwenda kisimani. Akarudi na ndoo kichwani akakuta mlango wa nyumba yake umefungwa mchana kweupe. Akasema, mara moja, "Kibwana, fungua."

Nikangoja ya pili. Ya pili haikuja. Leo naelewa kwamba mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani hasemi mara tatu, lakini siku ile nilichohesabu ni sauti tu. Nikakumbuka maneno ambayo Daktari Mwangaza huwafukuzia mizuka, nikayatamka kwa sauti kubwa, "Rudi kwenye waya uliotoka!" Nilisimama imara nyuma ya mlango, sikutetereka hata kidogo.

Kisha nikasikia ndoo inatuliwa chini, taratibu, na nyayo zinakwenda. Nilipofungua, baada ya muda mrefu wa kujiridhisha, nilikuta ndoo imejaa pomoni na kata inaelea juu yake. Hakumwaga hata tone. Na mimi, Mungu anisitiri, niliifurahia ile ndoo. Nilijiona shujaa, nimemfukuza mzuka na maji kaniachia. Niliyaoga.

Ilikuwa magharibi Mbodze alipokuja kunieleza kwamba mke wangu amepanda basi amekwenda kwa mjomba wake Shimoni. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Lo! Ama wewe mwalimu una mambo. Wenzio hufukuza wake zao kwa matusi, wewe wako umemfukuza kwa Kiswahili cha redioni." Hivyo ndivyo redio yenu ilivyonitenga na mke wangu, na naomba iandikwe hivyo katika kumbukumbu zenu.

4. Mjomba wa mke wangu. Mzee Abdulrahim ni mnadi wa samaki pale Shimoni, mtu mrefu, mtaratibu, anayeheshimiwa mpaka Vanga. Ikiwa wewe ni mtu wa bara labda hujui kwamba kwetu huku mjomba ndiye mwenye usemi juu ya mtoto wa dada yake. Mke akiondoka kwa hasira, mume hufunga safari kumfuata, amechukua wazee, ameinamisha kichwa. Mimi sikwenda. Niliahirisha, kwa sababu nilitaka kwanza Alhamisi ifike nisikie Daktari Mwangaza atasema nini. Unaona nilipokuwa nimefika.

Basi Mzee Abdulrahim, kwa ukarimu ambao sikuustahili, akaamua kumrudisha Asiya yeye mwenyewe. Hiyo ni heshima kubwa, haifanywi kila siku. Na mjomba anayekurudishia mke hapigi hodi kama mgeni wa njiani. Yapasa akukute umesimama nje, umevaa kofia yako, unamngoja. Akitoa sauti mara moja ni kukujulisha tu kwamba amefika, na wewe utoke mbio. Alinitumia habari kwamba atakuja Jumamosi. Akapata usafiri, akaja Ijumaa, mara baada ya sala.

Sasa tazama mlichonifanyia. Alhamisi ile, jana yake, mlitoa sehemu ambayo Daktari Mwangaza anagundua kwamba mizuka wameanza kuja wawiliwawili, mmoja kwa sura ya unayempenda na mwingine kwa sura ya unayemwogopa. Akafundisha na dawa yake, maji ya bahari, kwa kuwa chumvi huvuruga umeme wao. Ijumaa asubuhi nilishuka pwani na debe. Watu waliponiuliza nilisema ni maji ya kukanda miguu. Nikaliweka nyuma ya mlango, nikaenda kusali, nikarudi, nikajifungia.

"Hodi," nikasikia. Moja.

Nikachungulia kwenye ufa. Walikuwa wamesimama wawili, Asiya na Mzee Abdulrahim katika kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Ninayempenda na ninayemwogopa. Bwana, ungekuwa wewe ungefanya nini? Usinijibu.

Asiya akasema, "Kibwana, ni mimi."

Nikamjibu kama alivyojibu Daktari Mwangaza, "Ndivyo mnavyosema nyote." Kisha nikafungua mlango kwa ghafla nikamwaga debe zima.

Katika mchezo wenu mzuka akimwagiwa maji ya bahari hutoa cheche akayeyuka. Mzee Abdulrahim hakutoa cheche. Alisimama palepale, maji yanamchuruzika ndevuni, kipande cha mwani kimemkaa begani, na mkononi ameshika kifurushi cha halwa alichoniletea ili mazungumzo yawe matamu. Nami kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nikamalizia, "Rudi kwenye waya uliotoka!" Hapo ndipo aliposema "Astaghfirullah," na mimi nikajua kwamba ni yeye, kwa sababu mizuka wenu hawajawahi kulitamka neno hilo.

Nikasema, "Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Aligeuka akamwambia Mbodze, aliyekuwa amekwisha kutoka kwake na mwiko mkononi, "Mwambie mwalimu wenu, mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla hajafika Shimoni na watu wazima wenye akili zao, nitamdai talaka ya mtoto wangu." Aliyasema bila ya kupaza sauti, mtu ambaye kazi yake ni kupaza sauti. Asiya alimtoa mjomba wake mwani begani, akamshika mkono, wakaenda. Alikuwa amelowa upande mmoja. Hakunitazama.

Bwana Msimamizi, katika kisa hiki chote hiyo ndiyo sehemu ambayo hainichekeshi hata kidogo.

5. Darasa langu. Siku hizi nikifika bandani lazima nipige hodi mara tatu. Nikisahau nikapiga moja, wanafunzi wangu, watu wazima wenye wajukuu, huitikia wote kwa pamoja, "Rudi kwenye waya uliotoka!" Na wameiandika ubaoni. Tangu nimeanza kuwafundisha, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ambayo darasa zima limeandika bila ya msaada wangu. Mzee Shutu amenipa jina la Daktari Waya, na jina hilo limekwisha kufika Ukunda kabla yangu. Juzi nilikwenda huko kununua chaki, mwenye duka akaniuliza kama nahitaji na chumvi.

6. Sina wazee wa kunipeleka. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa Shaabani umekwisha kuandama. Mwezi mwingine tutakaoutafuta ni wa Ramadhani, na mjomba amesema alichosema. Nimezunguka Msambweni nzima kutafuta wazee wa kwenda nao Shimoni. Mzee Shutu alisema atakwenda kwa moyo wote, ila hawezi kuahidi kwamba hatacheka mbele ya mjomba. Nikamwendea Mzee Mwinga, mnunuzi wa korosho, mtu asiyecheka hata siku ya Idi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kukunja wala kukunjua uso, akakubali, akaniaga. Kisha nikamsikia huko njiani, ameegemea mkorosho, amepatwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Jioni akatuma neno kwamba mgongo umemuuma.

Wote wananipenda, Bwana. Hakuna aliyenikatalia kwa ubaya. Ila kila anayekubali hukumbuka kisa, na akikumbuka amekwisha. Na mtu hawezi kupelekwa kwa wakwe kuombewa mke na watu wanaofuta machozi ya kicheko.

Nami nakaa nyumbani. Napika ugali, nakula nusu, nusu nyingine nawapa kuku. Nimeufikiria mwezi wa Ramadhani, nimekaa peke yangu mbele ya futari, adhana imetoka, hakuna wa kumwambia karibu. Namtaka mke wangu. Nilijiambia sitaliandika hilo katika barua ya serikali, lakini limetoka, na kalamu ya wino haifutiki.

Kwa sababu hizo zote naomba kwa heshima mfanye yafuatayo:

(a) Mchezo usimamishwe mara moja.

(b) Kama haiwezekani kuusimamisha, basi mizuka wafundishwe adabu. Wapige hodi mara tatu, wangoje kuambiwa karibu, wavue viatu, wakae mkekani, waulizwe habari za nyumbani kwao. Mzuka aliyekaa mkekani akanywa kahawa hawezi kumtenga mtu na mke wake.

(c) Kabla ya kila sehemu litolewe tangazo kwamba Daktari Mwangaza si daktari, na kwamba mtambo wa chini ya bahari haujajengwa. Mimi nalijua hilo. Naomba kwa ajili ya wengine. Katika tangazo hilohilo mniombe radhi hadharani kwa jina langu, ila jina mlitaje haraka.

(d) Kama hayo yote hayawezekani, na nasikia ofisini kila kitu hakiwezekani, basi mniletee yule mwigizaji wa Daktari Mwangaza mwenyewe. Nimepata habari kutoka kwa Mbodze kwamba Mzee Abdulrahim naye husikiliza mchezo kila Alhamisi, tena hata baada ya lile debe hakuacha, na kwamba hakuna binadamu anayemwamini kama Daktari Mwangaza. Ninataka awe mkuu wa wazee wangu. Tutakwenda Shimoni pamoja. Atavaa kanzu yangu, kama ni mrefu tutaishusha pindo. Mimi nitakaa nyuma, nimeinama. Yeye aseme tu, kwa sauti ileile, kwamba kijana hana makosa, ni hitilafu ya mitambo. Mjomba hatabisha. Akimaliza tutakula, tutapewa mke, tutarudi. Atalala kwangu. Nitapika mimi, kwa hiyo ni vizuri aje ameshiba.

Natumaini utaliona ombi langu kuwa dogo. Wengine wanaomba barabara ya lami.

Nisalimie mtungaji wa mchezo, na umwambie simchukii, ila siku akifika pwani asipite Msambweni bila ya kunijulisha, nimkwepe. Nisalimie yule mama anayelia kisimani katika kila sehemu. Mbodze anasema huyo ndiye peke yake anayelia kwa uchungu wa kweli, wengine wanalilia mshahara. Nisalimie fundi anayefanya mawimbi, ambaye nimegundua kwamba ni mchele unatikiswa katika ungo, nami nimejaribu nyumbani nikaogopa. Wasalimie mizuka wote, wakubwa kwa wadogo. Huku sote hatujambo isipokuwa mimi.

Ni mimi, mtu uliyemfunza kujifungia mlango na ambaye sasa anaulaza wazi,

Kibwana Abdalla Tsuma,
Mwalimu wa Kisomo.

Nyongeza baada ya sahihi.

Bwana Msimamizi, barua hii niliiacha mezani nikaenda kusali adhuhuri. Niliporudi nilimkuta Asiya amekaa barazani, ameishika, amefika ukurasa wa mwisho. Alikuwa amekuja na basi la asubuhi kuchukua mbuzi yake ya kukunia nazi, kwa kuwa ya Shimoni imekuwa butu na Ramadhani iko karibu.

Asiya nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, jambo ambalo nilijivunia mpaka leo adhuhuri. Utaona alama za penseli pembeni mwa kurasa. Si zangu. Pale nilipoandika kwamba nilisimama imara nyuma ya mlango, ameandika "uvunguni," kwa sababu siku ile aliiona miguu yangu kwa dirishani. Pale niliposema kwamba redio ndiyo iliyonitenga na mke wangu, amepiga mstari akauliza, "Redio ina mikono ya kushika debe?" Nimeliacha swali lake lilivyo.

Nilingoja acheke. Msambweni nzima imecheka, nilidhani naye atacheka na mambo yataisha hapo. Hakucheka. Aliikunja barua, akanirudishia, akasema, "Kibwana, umemwandikia mtu wa Nairobi kurasa zote hizi. Umemweleza kwamba unanitaka. Mimi uliyeniloweka hukuniambia. Hebu nionyeshe humu ndani, umeniomba msamaha wapi?"

Nikatafuta. Nilitafuta mbele yake, Bwana, ukurasa baada ya ukurasa, nikiwa na hakika kwamba nimeliandika. Nimeomba mniombe radhi nyinyi. Nimewasalimu mizuka. Neno hilo halimo.

Nikamwambia palepale. Nilivyomwambia sitakuandikia, hayo si ya redio. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga leso vizuri, akasema kwamba mjomba wake hula chakula cha mchana nyumbani kila siku, na kwamba anasikitika zaidi kwa ile shikamoo ambayo hakuiitikia kuliko kwa kanzu. Akauliza, "Wazee wa nini, Kibwana? Wewe huna mdomo?" Kisha akaondoka kulikimbilia basi.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote sita nayaondoa, pamoja na maombi yake. Daktari Mwangaza asije. Kesho nakwenda Shimoni peke yangu, na nitasema mwenyewe. Mchezo msiusimamishe, kwani mjomba atataka kujua mwisho wake, nami sitaki kumkosesha kitu kingine. Barua naituma vilevile, kwa sababu Asiya amesema kwamba watu wa Nairobi nao wana haki ya kucheka.

Nimeingia jikoni sasa hivi kutafuta chakula. Mbuzi ya kukunia nazi iko palepale ukutani. Hakuichukua. Mimi ni mzito wa kuelewa, hilo umeliona, lakini hili nimelielewa bila ya daktari.

K.A.T.